Cheti cha Saba

Shemeji yangu Radjabu hakusoma chuo kikuu, wala hakumaliza sekondari. Lakini kwa zaidi ya miaka thelathini, ukitoa miwili ambayo vyeti vilichapwa, hakuna kijana aliyepata ufadhili wa masomo kutoka kwenye umoja wetu bila jina lake kupita chini ya mkono wa Radjabu. Ninaandika habari zake kwa sababu watu wameshazisimulia kwa midomo yao, na wanavyozisimulia sivyo zilivyokuwa. Mimi ni mjane wa kaka yake, marehemu Shabani, aliyekuwa mkaguzi wa shule. Nilifundisha Kifaransa miaka ishirini na sita hapa Gitega. Sasa nimestaafu, nimechoka, na sina haja ya kupamba.

Radjabu alizaliwa Muyinga, katika mtaa wa Waswahili, nyuma ya soko. Baba yao alikuwa fundi wa kushona kanzu na sare za shule. Madrasani alijifunza kuandika kwa kalamu ya tete, na mwalimu wake alikuwa akisema kwamba herufi za mtoto huyu zimekaa kama watu kwenye safu ya swala, bega kwa bega, hakuna anayemtangulia mwenzake. Baba alipokufa, shule ikaishia hapo kwa Radjabu. Ada ilitosha mtoto mmoja, na mtoto huyo alikuwa Shabani, mume wangu. Radjabu hakuwahi kulitaja jambo hilo mbele yangu. Shabani alilitaja mara moja tu, akiwa kitandani katika ugonjwa wake wa mwisho.

Akiwa kijana alikwenda Mutoyi kutafuta kibarua, akapewa kazi ya kupaka rangi vibao vya misheni. Huko alikuwepo bruda mmoja mzee, Damiano, aliyekuwa akiandika kwa mkono vitabu vya ubatizo na vya ndoa. Bruda aliona jinsi kijana yule Mwislamu alivyoandika neno "Zahanati" kwenye ubao, akamwita ndani, akampa kalamu ya chuma ya kuchovya na chupa ya wino. Miaka minne Radjabu alijifunza herufi za Kizungu za zamani, zile zenye mashina mazito na mikia myembamba. Alitoka Mutoyi na kijisanduku cha mbao chenye kalamu sita. Anacho hadi leo.

Umoja wetu ni wa watu waliosoma zamani katika shule za Mushasha, na sasa wametawanyika kutoka Gitega hadi Muyinga na kwingineko. Kila mwaka, matokeo ya mtihani wa taifa yakishatoka, kamati huchagua vijana saba wa kulipiwa chuo kikuu. Kila mmoja hupewa cheti kikubwa chenye muhuri na saini ya mwenyekiti, na hicho ndicho anachokwenda nacho chuoni kujiandikisha. Zamani Radjabu aliitwa kwa sababu ya uzuri wa mwandiko. Baadaye aliitwa kwa sababu nyingine. Kompyuta zilipoingia, vyeti vikawa vinachapwa, na mwaka wa pili tu vikaonekana vyeti kumi na moja badala ya saba. Maduka ya fotokopi yalikuwa yamefanya kazi yao. Mwenyekiti wetu, Bwana Manase, daktari mstaafu wa mifugo, mtu asiyependa maneno mengi, akaagiza turudi kwenye mkono wa Radjabu. Alipeleka chuoni karatasi ya mfano wa mwandiko wake. Tangu hapo, cheti chenye jina lisiloandikwa na mkono ule hakipokelewi.

Kwa hiyo kila mwaka Radjabu hupanda gari Muyinga, hupita Karuzi, hufika kwangu Gitega na kijisanduku chake. Mimi humpangia meza karibu na dirisha la sebule. Yeye hukaa siku mbili au tatu. Huandika jina moja, halafu husimama, hutembea uani, hurudi kuandika jingine. Orodha huja katika bahasha, na hurudi kwa katibu katika bahasha hiyohiyo pamoja na vyeti. Alichokisoma humo hakisemi. Mwaka ambao mwanangu Uthmani aliomba ufadhili huo, Radjabu alilala kwangu siku tatu, akala wali wangu, akacheza karata na Uthmani mwenyewe, huku akijua kwamba jina la kijana halimo. Tulivaa tukaenda ukumbini, ambako majina husomwa, na tukayasikia huko huko mbele za watu. Shabani hakuzungumza na ndugu yake mwezi mzima. Radjabu alisema tu, "Kaka, mi nilipewa kuandika. Sikupewa kusema."

Nilimkasirikia wakati ule. Sasa najua kwamba nusu ya heshima ya jina letu hapa Gitega ilikaa kwenye ukimya huo.

Radjabu na mkewe Pili wana mtoto mmoja, Nuru. Walimpata wakiwa watu wazima, baada ya kukata tamaa. Alisoma Muyinga, na mwaka juzi akafanya mtihani wa taifa, akapata alama ambazo mimi katika miaka yangu yote ya kufundisha niliziona mara mbili au tatu. Alikuwa ameomba ufadhili wa umoja wetu, kama mwingine yeyote. Alitaka kusomea kilimo. Mimi ni mwanachama wa umoja lakini si mjumbe wa kamati, na sikumwombea kwa mtu. Nilijivunia hilo, nikaliona ni jambo la kutosha.

Mwaka huo Bwana Manase alikuwa na miadi ya kupasuliwa jicho Bujumbura. Alitia saini na muhuri kwenye vyeti saba vitupu, akamwachia katibu vyeti na orodha, akaenda. Radjabu alifika kwangu siku ya Jumatano. Alhamisi asubuhi aliandika majina manne, baada ya chakula cha mchana mawili. Halafu nikamwona amekaa tu, kalamu imefutwa, wino umefunikwa. Nikamletea chai. Ikapoa.

Alasiri alinifuata jikoni, akasimama mlangoni. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuniambia jina, na hata siku hiyo hakuliambia. Aliniambia tu kwamba la saba hawezi kuliandika. Nilimtazama usoni, nikajua.

Nilikaa chini kwenye kigoda. Furaha ilinipita kama mtu anayekatiza uani, halafu ikaja hofu. Niliwaona watu ukumbini wakinyoosha shingo zao. Niliwasikia. Radjabu ndiye anayeandika, shemeji yake ni mwanachama, mwenyekiti hayupo, na tazama, binti yake mwenyewe. Nani angeamini?

"Mi nakuuliza tu, shemeji," alisema. "We ndiyo umesoma. Nifanye nini?"

Baba mkwe wangu, yule fundi wa kanzu, alikuwa na msemo wake wa nyumbani: mpakuaji hajipakulii kwanza. Katika nyumba ile mwenye mwiko alikula mwisho. Nilimkumbusha Radjabu msemo huo. Nikamwambia aache nafasi ya jina wazi kwenye cheti cha saba, aipeleke bahasha kama ilivyo, na katibu aandike jina hilo kwa mkono wake. Mkono mmoja tofauti hauwezi kuzuia kitu, nilisema, chuoni wataelewa. Aliuliza amwambie nini katibu. Nikasema asimwambie kitu. Kujieleza sana ni kujishtaki. Mwenye adabu ataona mwenyewe kwa nini pameachwa wazi.

Hayo ni maneno yangu, neno kwa neno. Nimeyarudia peke yangu mara nyingi mno kuyasahau.

Radjabu alifanya kama nilivyosema. Jumamosi ya wiki iliyofuata tulikwenda ukumbini. Pili na Nuru walikuwa wamekuja kutoka Muyinga, Nuru amevaa kitenge kipya cha kijani ambacho mama yake alikitoa dukani kwake sokoni. Katibu alisoma majina. Moja, mbili, tatu. Kila jina watu walipiga makofi na mama mmoja alipiga vigelegele. La saba likawa Bashizi Espoir.

Mama yake aliinuka safu ya nyuma akilia kwa furaha. Nilimfahamu kwa sura: Namegabe, mfanyabiashara Mkongomani kutoka upande wa Bukavu, anayeuza viatu vya mitumba soko la hapa Gitega. Mwanawe ni kijana mrefu, mwenye haya, aliyekuwa mwanafunzi mzuri sana, nakiri. Nilimgeukia Radjabu. Alikuwa anapiga makofi polepole, macho yake kwenye cheti kilichokuwa mkononi mwa kijana. Hata kutoka mbali wino wa buluu wa kalamu ya biki ulionekana.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Nilikuwa na hakika kwamba katibu ameona nafasi wazi, akaiuza. Radjabu alikuwa na hakika hiyohiyo, nadhani. Lakini nilimwambia kwamba familia yetu haigombanii karatasi hadharani, na yeye akasema hata angetaka kugomba, orodha ameirudisha, na kilichokuwa kwenye orodha si chake kukisema. Kwa hiyo tulinyamaza, kila mmoja kwa sababu yake. Nuru aliambiwa ajaribu bahati nyingine. Lakini umoja wetu hauchukui matokeo ya mwaka uliopita, na sisi wawili tulilijua hilo.

Nuru akaanza kukaa na mama yake kwenye meza ya vitenge soko la Muyinga. Niliambiwa anajua kuuza. Anajua kumwambia mteja kutoka ng'ambo ya mpaka, wa Tanzania, bei moja, na mteja wa nyumbani bei nyingine, bila kubadilisha uso. Pili aliniambia hivyo kwenye simu kana kwamba ni habari njema.

Wiki ya tatu ya Novemba Pili aliugua homa, nikaenda Muyinga kumjulia hali. Nilimkuta anaweza kukaa. Siku ya pili, baada ya chakula, tumeketi sebuleni, Nuru anakusanya sahani, mlango ukagongwa. Wakaingia Namegabe na mwanawe Espoir, wametapakaa vumbi la njiani. Walikuwa wameondoka Gitega alfajiri.

Waliketi, wakapewa maji. Namegabe aliuliza habari za afya ya kila mtu, kama inavyotakiwa, akampa pole Pili. Kisha akaeleza. Espoir alikuwa ameingia chuoni, akapewa kitanda, akahudhuria masomo wiki tatu. Halafu ofisi ya uandikishaji ikafika kwenye faili lake, ikatazama cheti, ikasema mkono huu siyo. Akarudishwa. Katibu akamtafutia cheti kingine kitupu chenye saini ya mwenyekiti, kilichosalia tangu mwaka wa nyuma, akawaambia: nendeni Muyinga kwa Mzee Radjabu, aandike jina yeye mwenyewe, yaishe.

Espoir alitoa karatasi ile kwenye bahasha kubwa, akaiweka mezani kwa mikono miwili. "Wanasema bila mkono yako, mzee, haipiti," alisema.

Niliitazama karatasi. Saini ilikuwa pale, muhuri ulikuwa pale, na katikati palikuwa peupe. Nilijua kila mtu aliyekuwa akiitazama alikuwa akiona kitu tofauti. Jina lolote ambalo Radjabu angeandika hapo lingekubaliwa chuoni. Lolote.

Radjabu aliuliza, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwa nini katibu hakumletea aandike tangu mwanzo.

Namegabe alishangaa kidogo. Alisema si ni Radjabu mwenyewe aliyeacha wazi? Katibu alimweleza yote. Espoir alikuwa wa nane, wa akiba, kwenye karatasi ya pembeni ya kamati. Na cheti cha saba kilipokuja bila jina, katibu alielewa kwamba wenye nafasi hiyo wameikataa. Akachukua wa akiba. Katibu alisema hata moyoni alishangaa, kwa sababu mtoto wa wenye nafasi hiyo alikuwa na alama nzuri sana.

Sahani zilisimama mikononi mwa Nuru. Alikuwa mtoto wa kuelewa haraka, na hapo hapakuwa na kitu kigumu cha kuelewa.

"Baba," alisema, "jina langu lilikuwepo?"

Kwa miaka thelathini na mmoja Radjabu hakuwahi kumwambia mtu kilichomo kwenye orodha.

"Lilikuwepo," akasema.

Nuru aliziweka sahani chini, sakafuni, moja juu ya nyingine, akaketi mlangoni. Hakulia. Pili ndiye aliyelia, akajifunika mtandio. Espoir alinyoosha mkono kuichukua karatasi yake, kisha akauacha mkono mezani, hajui aurudishe au la.

Radjabu alifungua kijisanduku chake. Alitoa kalamu, akaifuta, akaiweka karibu na karatasi. Halafu akanigeukia.

"Shemeji, mara ya kwanza nilikuuliza wewe, jikoni, tukiwa wawili. Leo sikuulizi. Leo nataka useme wewe mwenyewe, mbele yao, tulifanya nini."

Nimesimama mbele ya madarasa ya wanafunzi hamsini. Nimezungumza mbele ya mawaziri waliotembelea shule. Sikuwahi kupata shida ya kuanza sentensi kama siku ile, mbele ya muuza viatu na mtoto wa miaka kumi na tisa. Lakini nilisema. Nilisema kwamba kamati ilimchagua Nuru, kwamba baba yake aliona aibu kumwandika kwa mkono wake, na kwamba mimi ndiye niliyemwambia aache wazi na asimweleze mtu. Nilisema kwamba niliogopa maneno ya watu.

Namegabe alinisikiliza hadi mwisho. Ni mwanamke mpana, mwenye sauti ya soko, lakini alizungumza chini.

"Mwalimu," alisema, "mtoto yangu si mwizi. Ni ninyi mulibakisha mlango wazi, na yeye akaingia."

Niliinuka nikaziokota sahani sakafuni.

Radjabu alisema hataandika jina lolote pale Muyinga, si la kijana wala la binti yake. Karatasi ni ya umoja, na aliyetia saini ndiye atakayesema jina. Tutakwenda wote kwa Bwana Manase. Pili alisema atabaki. Usiku ule Namegabe na mwanawe walilala kwetu, kwa sababu hakuna mtu anayefukuza wageni, na asubuhi Pili aliwapikia uji.

Mafuta yalikuwa yamekosekana nchi nzima majuma hayo. Tulisubiri gari la kwenda Gitega tangu asubuhi hadi baada ya adhuhuri, watu watano tumekaa kwenye ukuta wa stendi, na tulipofika Karuzi tulisubiri tena. Katika kungoja huko Namegabe alinunua ndizi za kuchoma, akagawa. Alimpa Nuru ya kwanza. Mimi alinipa ya mwisho, ndogo, na nikaona ni haki.

Bwana Manase alitupokea kesho yake nyumbani kwake, jicho moja bado lina bandeji. Alisikiliza. Alifungua mtoto wa meza, akatoa nakala ya orodha ambayo kamati yote ilikuwa imetia saini kabla ya safari yake, akaisogeza karibu na jicho lake zima. Akasoma jina la saba kwa sauti, jina lote la Nuru. Kisha akampigia simu katibu, naye akaja mbio, shati lake limelowa.

Nilikuwa nimemchukia mtu yule mwezi mzima. Alituangalia sisi wote, akasema kwa uchungu wa kweli kwamba alidhani tumekataa. "Familia kama yenu," alisema, "nikasema labda hawataki kuonekana wanasaidiwa. Nikaona hata kuuliza ni kuwaaibisha." Hakuwa ameuza kitu. Alikuwa ametufahamu vizuri, na kosa lake lilitokana na hilo. Ile adabu niliyoitegemea kwake, alikuwa nayo tele.

Bwana Manase aliuliza kama fedha zinatosha wanafunzi wanane. Katibu akatikisa kichwa. Basi, alisema mwenyekiti, orodha ni orodha. Nuru atakwenda. Espoir jina lake litatangulia kwenye akiba ya mwaka ujao, na ile kanuni ya matokeo ya mwaka mmoja ataomba kamati imlegezee. Hakuahidi zaidi, na nilimheshimu kwa kutoahidi.

Espoir alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha akafungua mfuko wake, akatoa daftari, akamnyooshea Nuru. Alisema ni masomo ya wiki tatu, ya hesabu na ya biolojia, ya mwaka wa kwanza wa kilimo, atayahitaji kwa sababu amechelewa. Walikuwa wamechagua masomo yaleyale, hatukujua. Kabla Nuru hajalishika, Namegabe alilidaka daftari, akalitia kwenye mkoba wake.

"Hii nilinunua mi," alisema.

Hakuna aliyemlaumu. Waliondoka, na mlangoni alitugeukia akatutakia siku njema, kwa sababu ni mwanamke mwenye malezi.

Ikabaki karatasi mezani. Bwana Manase alimwambia Radjabu aandike. Radjabu alikuwa amekuja na kijisanduku chake, alikuwa ameketi, wino ulikuwa wazi. Akasema, "Aandike katibu, mi nitashuhudia." Miaka yote ile, na bado. Katibu akasema kikiandikwa na yeye kitarudishwa tena. Bwana Manase akanitazama mimi kwa jicho lake moja.

"Andika, Radjabu," nilisema. "Tuliacha wazi mara moja, inatosha."

Akaandika. Nimemwona akiandika majina zaidi ya mia mbili kwenye meza yangu, akisimama baada ya kila jina. Siku ile alipomaliza hakusimama kutembea uani kama desturi yake. Alibaki ameketi mpaka wino ukakauka, akampa binti yake, akafunga kijisanduku.

Nuru yuko chuoni, mwaka wa pili sasa. Anapita kwa shida, kwa sababu zile wiki alizozikosa hazikurudi. Nami nasema ukweli huu wote kwa sababu yale niliyoyaogopa jikoni yalikuja yote, hakuna lililopungua. Mtaani wanasema Radjabu alimnyang'anya yatima wa Kikongo nafasi akampa binti yake, ingawa Espoir ana mama na mama yake anajulikana soko zima. Wanasema shemeji yake aliyesoma ndiye aliyepanga. Kwenye kisomo cha wanawake, mwezi wa Ramadhani, nilikuwa nagawa futari, na mwanamke mmoja ambaye nilimfundisha mtoto wake akaniambia mbele ya wenzake, kwa tabasamu: "Mama Uthmani, leo usisahau kujipakulia." Walicheka kwa chini. Niliendelea kugawa. Nilipofika kwake nilimjazia sahani.

Nilizoea kufikiri kwamba jina la familia ni kama cheti: ukishalitunza safi, linabaki safi. Sasa nalitumia kama kitambaa cha jikoni, na nimeona linafaa kazi hiyo pia. Shabani asingenielewa. Radjabu ananielewa, nadhani, ingawa hatujazungumza juu ya jambo hilo.

Mwaka jana kamati haikukubali kulegeza kanuni, na wajumbe wawili walibadilika. Mwaka huu Bwana Manase ameomba tena. Kijana anauza viatu na mama yake. Nilipita mbele ya meza yao wiki iliyopita, akanisalimu, mama yake hakunisalimu. Orodha imekwisha tiwa saini. Radjabu alinipigia simu jana kusema anakuja Alhamisi, kama atapata gari.

Nimefuta meza ya dirishani. Atafungua bahasha, atajua kama Espoir yumo au hayumo, atalala kwangu siku mbili, atakula wali wangu, na hataniambia. Nami sitamwuliza. Nitampelekea chai, nitapita upande wa pili wa meza, na sitatazama.